Kalamu Iliyoandika Kambale

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sentensi moja tu, na hadi chai ya saa nne nilikuwa nimeitafsiri vibaya mara tatu.

Hospitali yetu ilikuwa ya misheni, juu ya kilima kimoja cha Butembo, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia hadi kwenye korido na wagonjwa huja wamejifunika vitenge viwili viwili. Madaktari wageni walishuka Rughenda kwa ndege ndogo, wakakaa miezi mitatu au sita, wakaondoka. Wengi wao walijua Kiingereza tu. Wagonjwa walijua Kinande na Kiswahili chetu. Kati yao palihitajika mtu, na mimi nilitaka kuwa mtu huyo. Kiingereza nilikipata Kasese, ng'ambo ya mpaka, nilikolelewa na shangazi yangu. Kule watu wanasema lugha yetu ileile, lakini shule ni ya Kiingereza.

Ofisi ya Lugha ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na dirisha linalotazama jiko. Mkuu wake, ambaye sote tulimwita Chef, alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye koti la sufu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Kiswahili chake kilichanganyika na Kifaransa: donc ni basi, mais ni lakini. Alinisogezea karatasi. Kilikuwa kiapo ambacho kila mfanyakazi mpya angesomewa, na kwa kuwa mimi ndiye mpya, alitaka nikitafsiri kabla ya kukiapa. Kiliahidi kwamba sitafanya jambo fulani na yale nitakayoyasikia kwa wagonjwa. Jambo hilo lilikuwa kitenzi kimoja cha Kiingereza: divulge.

"Sitasema," nilisoma.

Chef akavua miwani. "Mama, mukalimani anaapa kama hatasema? Donc hospitali itakulipa ya nini? Ya kukaa?"

Nikafuta. Nikaandika: sitatangaza.

"Ile ni ya redio. Ao ya padri, siku ya kutangaza ndoa."

Nikaandika: sitafichua. Safari hii alifikiri kidogo, akipiga kalamu kwenye meno yake.

"Inakaribia. Mais angalia, batu banafichuaka nini? Banafichua mwizi. Banafichua bunduki chini ya kitanda. Ukisema kufichua, ni kama mugonjwa alifanya mubaya. Mwanamuke anakuja kukuambia mimba yake ilitoka. Alifanya mubaya gani?"

Chai ikaja. Tulikunywa, na mimi nilikuwa na uhakika kwamba jioni nitarudi nyumbani bila kazi. Alipomaliza kikombe chake, aliuliza kama vile anaanza mazungumzo mengine kabisa.

"Kwenu, maji munachota na nini?"

"Na bidon, Chef," nilisema, yaani dumu.

"Mutu akiitoboa?"

"Maji inamwangika."

"Na ile imemwangika, unairudisha mu bidon?"

"Hapana."

"Basi andika: sitatoboa."

Kisha akanieleza kitenzi kile cha Kiingereza, ambacho ni ndugu wa neno la Kifaransa alilolijua vizuri. Alisema ni kitenzi kilichovaa suti. Watoto wanaosengenyana uani hawakitumii. Utakikuta mahakamani, hospitalini, katika barua za ofisi. Kinataka jambo lililofichwa, na mtu aliyelishika, na mtu wa nje wa kulipokea. Kumwambia jirani bei ya maharage si kutoboa, maana bei inajulikana na wote. Daktari kumwambia daktari mwenzake, wanaomtibu mgonjwa mmoja, si kutoboa pia, maana wote wawili wako ndani. Na mara nyingi, alisema, utalikuta neno hili na ukanushi ubavuni: alikataa, hakutaka, hawezi. Waingereza wanalitumia sana kwa ajili ya jambo ambalo halikutendeka.

"Ni verbe ya batu banafunga kinywa," alisema. "Siku utaikuta bila ya hapana, ujue kuko mutu ameumia."

Niliapa mchana huohuo kwa neno hilo, mkono juu ya meza. Jikoni nje ya dirisha walikuwa wanachambua sombe, majani ya muhogo, wakicheka jambo ambalo sikulisikia.

Vijana wa leo wanaofanya kazi hii wana simu zinazotafsiri na wanapewa semina za siku tano hotelini. Siwaonei wivu. Lakini ningependa wajue jinsi tulivyofanya sisi, maana mambo mengine simu haiwezi.

Jambo la kwanza ni mahali pa kukaa. Mkalimani wetu hakukaa kati ya daktari na mgonjwa. Alikaa nyuma kidogo ya bega la mgonjwa, ili mgonjwa amwone daktari na asahau kwamba kuna mtu wa tatu. La pili ni nafsi. Mama akisema, "Tumbo inaniuma," mkalimani hasemi kwamba mama huyu anasema tumbo linamuuma. Anasema, kwa Kiingereza, tumbo linaniuma mimi. Mwanzoni ni kama wazimu. Asubuhi moja niliumwa meno, nikaharibikiwa mimba na nikazeeka miguu, yote kabla ya saa sita. Ukizoea, unajifunza kumkopesha mtu kinywa chako bila kuongeza chumvi.

Tena kulikuwa na daftari. Katika tafsiri ya kufuatana, yaani mgonjwa anamaliza kwanza ndipo wewe unaanza, huwezi kukumbuka kila kitu, kwa hiyo tuliandika alama fupi. Kila jioni Chef alizihesabu karatasi zetu, akazipeleka jikoni mwenyewe na kuzitia kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Mpishi alizoea kumtania: "Chef, leo siri ya batu imeivisha maharage mbio sana! Kesho muongeze magonjwa!"

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Beni, kwenye kituo cha afya cha Bungulu. Mkubwa wangu huko alikuwa Masera Msimamizi wa Wazazi, mtawa mwenye mikono mipana na sauti ndogo sana. Alitembea upesi hivi kwamba kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kikifika kwenye kona baada yake. Ndiye aliyenifundisha kwamba maswali mengine huulizwa mara mbili.

Kwetu mwanamke hazai peke yake. Anakuja na mama mkwe, na shangazi wa mume, na pengine jirani aliyejileta. Daktari akiuliza mbele yao hii ni mimba ya ngapi, jibu unalolipata ni la familia. Kwa hiyo Masera aliuliza mara ya kwanza mbele ya wote, akaandika kwa penseli. Halafu alimgeukia yule mkwe na kusema kwa upole, "Mama, utusaidie maji ya moto." Maji ya moto yalikuwa mbali, ng'ambo ya ua. Mkwe akitoka, swali liliulizwa tena, kwa sauti ya chini, na jibu la pili liliandikwa kwa kalamu ya wino.

"Nilishapeleka ba mama mingi kuchota ile maji," aliniambia siku moja. "Na hatujawahi kuitumia yote."

Nilirudi Butembo nikiwa nimekomaa. Wauguzi walikuwa wamenipa jina, Mama Traduction, yaani Mama Tafsiri, na nililipenda. Wakati huo tulikuwa na daktari mgeni wa uzazi, mwanamke mwembamba mwenye haraka ambaye alijifunza kusalimia wabukire, salamu yetu ya asubuhi, na akaitumia asubuhi, mchana na jioni. Ilikuwa katika miezi yake ndipo alipokuja Masika.

Masika alikuwa na miaka kama ishirini na mbili. Alikuwa ameolewa mtaa wa Mususa, hapohapo mjini, mwaka mmoja uliopita, katika familia ya wafanyabiashara. Mume wake alikuwa safarini kununua bidhaa. Aliletwa na mama mkwe, mwanamke mnene aliyevaa vizuri, aliyemsifu kwa kila mtu aliyepita koridoni.

"Ule muke wa mutoto wangu," aliniambia hata kabla ya kukaa, "haongeake mingi, mais anajua kulima, anajua kuuzisha, anajua kusali. Nilimuona kwanza mimi. Mutoto wangu alimuona nyuma yangu."

Daktari aliuliza: mimba ya ngapi? Nikauliza.

"Ya kwanza," alisema mama mkwe.

"Ya kwanza," alisema Masika, akitazama magoti yake.

Nilitafsiri. Kisha, kwa mazoea ya Bungulu, nilimwomba mama mkwe maji ya moto. Akaenda mbio, kwa furaha ya kutumwa. Nikauliza swali lilelile kwa Kinande, polepole.

Masika alitazama kwanza mlangoni. Halafu akasema kwamba yuko mtoto. Wa kiume. Alimzaa Beni akiwa bado anavaa sare ya shule. Mama yake mzazi anamlea Bungulu kama mtoto wake wa mwisho, na mtoto anamwita Masika yaya, dada. Wakati wa kumzaa, damu ilimtoka mpaka akapoteza fahamu.

"Bwana wangu hajui," alisema. "Bakijua, hawatanirudisha nyumbani kwao. Na huyu," aligusa tumbo, "huyu ni wao, watabaki naye. Nitakuwa nimezaa wawili bila kuwa na hata mmoja."

Nilimwambia daktari yote kwa Kiingereza, kwa nafsi ya kwanza, kama nilivyofundishwa: mimi nina mtoto, mimi nilitokwa na damu. Huko hakukuwa kutoboa. Daktari alikuwa ndani. Alitayarisha damu na dawa mapema, na usiku wa kuzaa Masika alipoanza tena kuvuja, kila kitu kilikuwa tayari mezani. Asubuhi alikuwa hai, amelala, na kando yake mtoto wa kiume mwenye nywele nyingi kama kofia.

Sasa nieleze desturi moja kwa wasomaji wasio wa kwetu. Sisi Wanande tuna majina ya hesabu. Mtoto akizaliwa, jina lake la kwanza halitafutwi, linahesabiwa katika tumbo la mama yake. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, au Paluku katika familia nyingine. Anayemfuata, akiwa mvulana, ni Kambale. Halafu Kasereka, halafu Kakule, na kuendelea. Ndiyo maana ukiita Kambale sokoni Butembo, nusu ya wanaume watageuka. Jina la ubatizo litakuja baadaye, na familia italijadili. La hesabu halijadiliwi, kama vile hujadili kama leo ni Jumatano.

Kwa hiyo kadi ya kitandani, ile karatasi ndogo inayofungwa kwenye kitanda cha mtoto, haikuwa na haja ya kumsubiri mama aamke. Muuguzi alikuwa na kazi nyingi asubuhi ile, akaniomba niijaze kwa Kifaransa na Kiingereza. Uzito, saa, jinsia. Jina la mama. Jina la mtoto.

Niliandika: Kambale.

Sikufikiri. Ningefikiri, ningeandika Mumbere kama wote wa Mususa walivyotarajia. Lakini mkono wangu ulikuwa mkono wa Mnande, ulijua kwamba huyu ni wa pili, na wa pili ana jina moja tu duniani. Nilifunga kadi, nikamfunika mtoto vizuri, nikaenda kunywa chai. Hata niliona nimeandika kwa mwandiko mzuri.

Mama mkwe alifika saa sita na termosi ya uji wa mtama. Nilikuwa kitanda cha pili nikimsaidia daktari, nikamsikia akisalimia wodi nzima, akimbusu mtoto, akicheka. Kisha kicheko kikakatika.

"Kambale?"

Hapo ndipo nilipojua mkono wangu uliandika nini.

"Nani ameandika hii?" Alikuwa ameishika kadi kwa vidole viwili. "Kambale wa nani? Mumbere iko wapi?"

"Mama, ni kosa yangu," nilisema, nikaja haraka. "Nimeandika mimi. Nilichanganya."

Alinitazama, akatazama kadi, na uso wake ukafunguka. Alicheka kwa nguvu hata wagonjwa wengine wakajiunga. "Yee, Mama Traduction! Kasese iliharibu kichwa yako! Unajua Kiingereza yote, mais kuhesabu mpaka moja inakushinda?"

"Nilikuwa na usingizi," nilisema.

"Huyu ni Mumbere! Mumbere wangu! Andika, andika mbio, baba yake asikute aibu hii."

Wodi ilicheka tena. Nikaona kwamba nimeokoka, na Masika ameokoka pamoja nami. Nilitoa kalamu mfukoni. Nilikuwa nimeshachora mstari wa kwanza juu ya K pale Masika, ambaye nilidhani bado amelala, alipoushika mkono wangu.

"Acha," alisema.

"Lala, mutoto wangu," alisema mama mkwe. "Ni makosa ya karatasi tu."

"Acha, mama. Usiandike Mumbere." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wodi nzima iliisikia. "Ile jina iko na mwenyewe."

Nakumbuka termosi ilikuwa bado wazi na mvuke wa uji ulikuwa ukipanda. Masika akamwambia mama mkwe yote, kwa maneno machache, akiwa amelala chali, machozi yakimwingia masikioni. Alimwambia mtoto wa kwanza yuko wapi, ana umri gani, na nani anamlea. Alisema miaka hii yote alikuwa ameweza kumsikia akimwita yaya, lakini hakuweza kumsikia mwingine akiitwa Mumbere.

"Ulikaa kwangu mwaka mzima," alisema mama mkwe mwishoni. "Tulikula sahani moja."

"Ndiyo, mama."

"Nilikusifu mbele ya batu bote."

"Ndiyo, mama."

Alifunga termosi. Akaiweka juu ya meza ndogo, taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka, akatoka. Hakumtazama mtoto.

Jioni nilimkuta Chef akifunga dirisha. Nilimwambia nimevunja kiapo.

"Umesema nini?"

"Sikusema. Niliandika."

"Kalamu nayo iko na kinywa. Umeandika nini?"

Hapo ndipo nilipogundua ugumu wa maungamo yangu. "Chef, siwezi kukuambia. Nikikuambia nitakuwa nimetoboa mara ya pili."

Alikaa. Nilidhani atakasirika, lakini alivua miwani na kuifuta kwa pindo la koti lile la sufu kwa muda mrefu sana. "Mugonjwa anajua kama ni wewe?"

"Anajua."

"Alikulaumu?"

"Hapana. Ningependa anilaumu."

"Njo vile," alisema. "Nikupe azabu gani, sasa, ya kosa ambayo sitaki kuijua?" Aliniondoa wodi ya wazazi kwa mwezi mmoja na kunituma Rughenda kupokea madaktari wageni na kuwafundisha majina ya vijiji. Kisha akaongeza, akiwa tayari mlangoni: "Mais kesho na kesho kutwa uende kumuangalia. Mutu hamwangi maji ya mwenzake halafu anakimbia."

Nilikwenda. Kwetu, baada ya kuzaa, familia ya mume hufika kila siku na chakula, na siku ya kutoka huja na kitenge kipya kumrudisha mama nyumbani. Siku ya kwanza hakufika mtu. Nilimletea Masika maharage na ndizi za kupika, akala kidogo. Siku ya pili hakufika mtu. Wanawake wa vitanda vingine, ambao siku ile ya kadi walicheka, sasa walimpa chai, machungwa, sabuni, bila kusema lolote. Mmoja alimsuka nywele. Mtoto alinyonya kama mtu asiye na habari.

"Unanichukia?" nilimuuliza.

"Hapana, mama," alisema. "Ulimuhesabu ule wa kwanza. Hakuna mutu alishamuhesabu kabla."

Nikaichukua sahani yake, nikaenda kuiosha.

Siku ya tatu ilikuwa ya kutoka hospitalini. Vitu vyake vilikuwa ndani ya mfuko mmoja. Alikuwa ameamua, kama hakuna atakayekuja hadi saa tisa, atachukua motari, pikipiki ya abiria, mpaka kwa binamu yake, na kutoka hapo atafute njia ya Beni. Suala lilikuwa mtoto. Familia ya mume ingeweza kumdai. Alimfunga mgongoni, akamfungua, akamfunga tena. Nilimwona akikaza fundo mara nne.

Saa nane na nusu motari iliingia uani. Mama mkwe alishuka akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, kitenge kimekunjamana, yeye ambaye sikuwahi kumwona bila pasi. Alitembea moja kwa moja hadi kitandani. Masika akasimama, mikono nyuma, ameshika makalio ya mtoto kupitia kitambaa.

"Nimetoka Bungulu," alisema mama mkwe.

Barabara ile ya Beni, kipindi kile cha mashambulizi, watu waliipita kwa kusali, na wengi hawakuipita kabisa.

"Nimemuona. Anakuwa na kichwa kubwa, kama yako. Nilikaa naye siku mbili." Alivuta pumzi, na ghafla akapaza sauti kwa hasira ya kweli: "Ule mutoto anakohoa! Anakohoa usiku, kifua inalia kama mulango! Juu ya nini hukuniambia kama anakohoa?"

Masika alirudi nyuma hatua moja.

"Nilikuuliza. Juu ya nini?"

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa kikohozi?" Alikuwa analia sasa, na alikuwa anakasirika kwamba analia. "Ya bwana yako ni kazi yangu, nitaongea naye mimi. Atapiga kelele, halafu atachoka. Leta mufuko. Kitenge sikuleta, sikupita nyumbani. Utavaa ya kwangu." Akakifungua kitenge chake cha juu, kile chenye vumbi, akamfunga nacho Masika kiunoni, mbele ya wodi nzima, akivuta kwa nguvu kama anayefunga mzigo wa safari ndefu.

Walipokuwa wanatoka mama mkwe alisimama kando ya kitanda cha mtoto, akachukua ile kadi yenye mstari wangu juu ya herufi ya kwanza. Akanionyesha.

"Mama Traduction, hii umechafua. Andika ingine. Na uandike muzuri."

Niliandika nyingine. Kambale, kwa herufi kubwa.

Singependa mdhani kwamba mambo yalinyooka siku ileile. Mume alikaa miezi bila kumsemesha mke wake. Mumbere alikuja Butembo kwa matibabu ya kifua kabla ya kuja kwa jambo lingine lolote, na alichukua muda mrefu zaidi kuacha kusema yaya. Haya niliyajua kidogo kidogo, kwa sababu waliniambia wenyewe, sikuwauliza.

Nilifanya kazi hadi magoti yalipokataa ngazi. Chef alikuwa ameshafariki wakati huo, na mkuu mpya, kijana mwenye heshima, alinifanyia sherehe ndogo na keki iliyoandikwa asante kwa lugha nne. Sasa nakaa nyumbani, nalima maharage nyuma ya nyumba, na wakalimani wapya hunijia. Huniuliza neno lipi la Kiingereza lilinisumbua zaidi, na wanashangaa nikitaja lile la siku ya kwanza, maana kamusi inalimaliza kwa mstari mmoja. Nawaambia maana yake ni rahisi. Matumizi ndiyo yanayochukua maisha yote. Siri uliyopewa ni kama mtoto wa mwenzako mgongoni kwako. Unaweza kumtembeza, kumbembeleza, kumkinga na mvua, lakini huwezi kumshusha popote unapotaka. Mwenyewe tu ndiye anayejua wapi atamshusha, na akiamua, usimzuie. Mimi nilimshusha wa Masika mahali pabaya, bila kukusudia, kwa mwandiko mzuri. Kilichomwokoa si kiapo changu wala kosa langu. Ni kwamba yeye alikataa kunifuata katika uongo niliomtengenezea.

Mtaniuliza: na sasa unaandika haya, umepewa ruhusa na nani? Masika mwenyewe alikuja Jumapili moja baada ya misa, akakaa kwenye kiti changu cha miti, nikamsomea kila ukurasa kwa sauti. Hakubadilisha kitu isipokuwa mahali pamoja. Alisema nimeandika vibaya pale aliposhika mkono wangu. Hakuushika kwa nguvu, alikuwa anatetemeka. Nikaangalia, nikaona sikuandika kwamba aliushika kwa nguvu. Ni yeye aliyesikia hivyo. Tukacheka.

Aliniomba niongeze jambo moja, nami naliongeza. Mama mkwe wake sasa ni mzee sana. Hajui tena ni mwezi gani, na mimi huniita kwa jina la dada yake marehemu. Lakini wageni wakija Mususa, bado anataka kuwahesabia wajukuu wake kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayethubutu kumsaidia. Anainua kidole gumba kwanza, anakishika na kukitikisa.

"Wa Bungulu," anasema. Ndipo anaendelea.